Kabla Hujaandika Alama za Kipimo cha Kumbukumbu

Mhudumu mwenzangu, kabla hujatoa karatasi ya kipimo, hakikisha mzee anakuona na anakusikia. Aliyesahau miwani nyumbani atachora ovyo. Mwenye masikio mazito atarudia maneno ambayo hukuyasema. Wote wawili watapoteza alama bila kuwa na dimenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri.

Mimi huanza na Mini-Cog, kipimo kifupi cha kumbukumbu, kwa kuwa huchukua kama dakika tatu. Unamtajia maneno matatu ayarudie, anachora saa inayoonyesha wakati unaomtajia, kisha unamwuliza yale maneno. Kila neno analokumbuka ni alama 1, saa iliyo sahihi ni alama 2. Akipata chini ya 3 kati ya 5, anahitaji uchunguzi zaidi.

Ila usikimbilie jumla. Tazama mkono wake. Ukimwambia achore saa tano na dakika kumi, mshale mfupi uelekee 11 na mrefu uelekee 2. Mama mmoja alipanga namba zote vizuri, akasita, kisha mshale mrefu akaupeleka kwenye 10, kwa kuwa alikuwa amesikia "kumi". Kosa hilo linaeleza mengi kuliko alama alizopoteza. Binti yake akawahi kumwonyesha kwa kidole. Ni upendo, naelewa, lakini kipimo kiliishia hapo.

Kwa hiyo nawaomba ndugu wasubiri nje, kisha nazungumza nao peke yao. Wao ndio wanaojua kama mzee anameza dawa mara mbili, kama anapotea njia aliyoizoea, na hasa, yote hayo yalianza lini. Aliyechanganyikiwa ghafla ndani ya siku mbili tatu usimchoreshe saa. Huenda ana maambukizi au dawa mpya imemdhuru, na anahitaji daktari siku hiyohiyo. Hata kwa tatizo la polepole, sonona, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri na upungufu wa vitamini B12 hushusha alama, na yote yanatibika.

Elimu nayo. MMSE ya mwaka 1975 na MoCA ya mwaka 2005, vipimo vingine vya kumbukumbu, zote zina alama 30, na zote zinambeba aliyesoma. MoCA humwongezea alama 1 mwenye elimu ya miaka 12 au pungufu, lakini kwa mtu ambaye hajawahi kushika kalamu, hiyo haitoshi hata kidogo. Kwake tafuta kipimo kama IDEA, ambacho badala ya kuchora hutumia njiti za kiberiti.

Matokeo yakiwa mabaya, usimwambie mtu "una dimenshia". Kipimo kifupi hakina uwezo huo, na neno hilo likishatoka halirudi. Mwambie kuna jambo linalohitaji kuchunguzwa, taja hatua inayofuata na nani ataifanya. Kwenye faili andika majibu yenyewe pamoja na alama, na mchoro wa saa uuhifadhi humohumo. Atakayempima baadaye atauhitaji ili alinganishe.