Kabla ya Kusakinisha Pochi ya Kripto, Chunguza Ilikotoka

Programu iliyoniibia bitcoin zangu ilikuwa na sura nzuri kuliko ile halisi iliyokuwa ikiiigiza. Nilikuwa nimebadilisha kompyuta, nikatafuta mtandaoni jina la pochi yangu, yaani programu ninayotunzia sarafu zangu za kidijitali, na kubofya jibu la kwanza, bila kutambua kwamba lilikuwa tangazo la kulipiwa na kwamba anwani ya tovuti ile ilipishana na ya kweli kwa herufi moja tu. Programu ilipofunguka ilinitaka niandike maneno 12 ya kurejesha pochi. Nikatoa karatasi nilikoyahifadhi, nikayaandika moja baada ya jingine, nikihakiki kila neno nisije nikakosea tahajia. Nilipomaliza la mwisho, ukatokea ujumbe kwamba kuna hitilafu, nijaribu tena baadaye. Nilipojaribu tena, salio lilikuwa sifuri.

Maneno hayo, yawe 12 au 24, hutoka katika orodha maalumu ya maneno 2048, na funguo zote za siri za pochi, zile zinazoruhusu fedha kutumwa, huzalishwa kutokana nayo, kwa hiyo anayeyapata ameipata mali yote. Kinachowanasa wageni wengi ni kwamba hata pochi halali huyaomba mtu anapohamia kifaa kipya. Ombi lenyewe halitoshi kukushtua. Ndiyo maana nasisitiza kwamba uchunguzi ufanyike mapema, programu ikiwa bado haijasakinishwa.

Siku hizi siingii kwenye tovuti ya pochi kupitia tangazo wala kiungo nilichotumiwa na mtu. Anwani niliyokwisha kuihakiki nimeihifadhi kwenye kivinjari, na faili nikishalipakua huhakiki saini yake ya kidijitali, alama inayothibitisha kwamba faili limetoka kwa watengenezaji na halijabadilishwa. Kazi hiyo huchosha mara ya kwanza, lakini inajifunzika. Duka rasmi la programu nalo lisikulewaze: mwaka 2021 iliripotiwa kwamba pochi bandia iliyojifanya ya Trezor, chapa ya pochi za kripto, ilipenya hadi kwenye duka la Apple.

Hata programu halali inaweza kutumiwa kama chambo. Mwishoni mwa mwaka 2018, watumiaji wa pochi ya Electrum waliokuwa wakijaribu kutuma fedha waliona ndani ya programu yao ya kweli ujumbe uliowahimiza wapakue toleo jipya. Ujumbe huo ulitoka kwenye seva zilizoendeshwa na wezi, na toleo hilo lilikuwa lao. Zaidi ya bitcoin 200 ziliibwa. Ukiona ujumbe wa aina hiyo, ufunge, kisha uende mwenyewe kwenye tovuti uliyoihifadhi.

Wizi mwingine ni wa kimyakimya zaidi. Ipo programu hasidi inayovizia unaponakili anwani ya kupokelea fedha, na unapobandika, inaweka anwani ya mwizi. Kwa kuwa wapo wanaotengeneza anwani zinazofanana na ile halisi mwanzoni na mwishoni, isome anwani yote, kisha tuma kiasi kidogo kwanza, kwani muamala ukishathibitishwa hakuna mhudumu wa kuurudisha.

Kuhusu programu zinazoahidi faida ya uhakika kila siku, sina mengi ya kusema: ziache. BitConnect, mradi wa uwekezaji wa kripto, ilidai kuwa na roboti ya biashara iliyozalisha faida kubwa kila mwezi, na Januari 2018 ikaporomoka na fedha za watu. Nyingine hukuonyesha salio linalopanda, na siku unapotaka kutoa fedha zako zinadai kwanza ulipe ada au kodi. Usilipe.

Iwapo umekwisha kuyaandika maneno yako mahali unapopashuku, usipoteze muda kuondoa programu na kuisakinisha upya. Tumia kifaa kingine kilicho salama, fungua pochi mpya yenye maneno mapya, uhamishie humo kila kilichosalia. Kisha jiandae kwa watakaokufuata wakidai wanaweza kukurejeshea kilichoibwa kwa malipo kidogo ya awali. Mimi walinifikia ndani ya siku mbili, na nao walitaka kuona yale maneno 12.