Mimi nasema ni sauti

Mhariri, wiki hii mmeuliza kwa nini filamu za kaoboi zilizotengenezwa na Waitalia bado zina wapenzi, wakati nyingi za Wamarekani wenyewe zimeshasahaulika. Najua wengi watawatajia bastola, na mwigizaji Clint Eastwood na kile kijisigara chake (ambacho yeye mwenyewe alikuwa hakipendi kabisa). Jibu langu ni sauti.

Waitalia wale walikuwa hawana kawaida ya kunasa sauti wakati wa kupiga picha. Mmarekani alisema Kiingereza, Mtaliano Kiitaliano, Mhispania lugha yake, kisha maneno yote yakaingizwa studio. Ndiyo maana midomo inakwenda huku na maneno kule, na wapo wanaozidharau kwa hilo. Lakini kumbe filamu ilifika studio ikiwa karibu bubu, kwa hiyo kila unachokisikia, upepo, kwato, mlango unaolia, kuna mtu alikaa akaamua kiwepo.

Tazameni mwanzo wa Once Upon a Time in the West, ya mwongozaji Mtaliano Sergio Leone, mwaka 1968. Majambazi watatu wanangoja treni. Muziki hakuna, mazungumzo karibu hakuna. Kinu cha upepo kinalia kwa kukosa grisi. Maji yanamdondokea mmoja wao, Woody Strode, kwenye kofia, tone baada ya tone, naye hata hasogei. Anayaacha yakusanyike ukingoni, halafu anayanywa. Mwingine, Jack Elam, anasumbuliwa na nzi mpaka anamnasa kwenye mtutu wa bastola, anauweka sikioni na kumsikiliza anavyovuma. Karibu dakika kumi zinakwenda hivyo, na hakuna anayethubutu kutoka kwenda kukojoa.

Muziki ulipohitajika, alikuwepo mtunzi Ennio Morricone, aliyesoma shule moja ya msingi na Leone mjini Roma. A Fistful of Dollars, ya Leone pia, mwaka 1964, ilitengenezwa kwa takriban dola 200,000, na Eastwood alilipwa 15,000 tu. Kwa bajeti ndogo hiyo, badala ya kuiga okestra nzito za Hollywood, Morricone akaleta mluzi na gita la Alessandro Alessandroni, mjeledi, kengele. Lakini Once Upon a Time in the West ndiyo kiboko: muziki ulitungwa kabla, Leone akaupiga palepale wakati wa kupiga picha, waigizaji wakatembea kwa kuufuata.

Kwenye vibanda vya video vya mtaani kwetu Kiingereza kilitupita wengi, na hatukupotea. Zilipoonyeshwa zile filamu za kaoboi za kuchekesha za Trinity, za Waitalia Terence Hill na Bud Spencer, hata waliokosa kiingilio wakabaki nje walijua nani anapiga: ngumi ya Bud Spencer ilikuwa na mlio wake, mzito kama gunia lililoangushwa sakafuni. Na yule bonge alikuwa Carlo Pedersoli, mwogeleaji aliyewakilisha Italia kwenye Olimpiki ya 1952.

Sisemi zote ni nzuri. Zilitengenezwa mamia kwa mamia katika miaka ile, nyingi kwenye jangwa lilelile la Tabernas, Hispania, na nyingine steringi wake huwezi hata kumtofautisha na adui. Wanawake ndio usiseme, wengi wamewekwa kama mapambo.

Asiyekubaliana nami afanye jaribio. Atafute mwisho wa The Good, the Bad and the Ugly ya 1966, pale kwenye makaburi yaliyojengwa na wanajeshi wa Hispania karibu na Burgos, kisha azime sauti. Atabaki na wanaume watatu wazima wanaokodoleana macho juani, na atajiuliza wanangoja nini.