Vidonge vya vitamini C vyenye madoa ya kahawia

Ndugu, unameza vidonge vinne vya vitamini C vya miligramu 500 kwa siku, na umeuliza kama vidonge hivyo, vilivyokaa karibu na jiko hadi vikapata madoa ya kahawia, bado vinafaa. Vitupe. Asidi askobiki, yaani vitamini C yenyewe, ikipata unyevu, joto na hewa huoksidika, yaani huharibiwa na oksijeni. Madoa ndiyo dalili yake, na nguvu iliyobaki huwezi kuijua kwa macho. Kopo jipya likaze kifuniko, uliweke kabatini, na usitie vidole vyenye maji ndani.

Lakini hivyo vinne kwa siku ndivyo vinavyonitia wasiwasi zaidi. Mtu mzima anahitaji miligramu 75 hadi 90 tu; 2000 ndiyo ukomo, na ukiuvuka tumbo huharisha. Kama umewahi kupata mawe kwenye figo, acha dozi hiyo leo, umwone daktari.