Ubongo unaoyumba, mkono usioyumba

SWALI: Daktari, pole na kazi. Nasoma shahada ya uzamili ya saikolojia hapa Dodoma. Darasani tulifundishwa kwamba ishara ya ubongo ikipandapanda na kushukashuka ni kelele tu, na dawa yake ni kutafuta wastani. Sasa msimamizi wangu anataka niupime huo utofauti wenyewe, eti ubongo wa kijana unayumba kuliko wa mzee. Mbona kwenye jaribio la kubonyeza kitufe wazee ndio wanaoyumba, leo haraka, kesho taratibu? Nishike lipi? Na nikikuta ishara inayumba sana, niandike kwamba ubongo ni mzima?

JIBU: Shika yote mawili, ila usiyachanganye. Kuna kuyumba kwa ishara ndani ya kichwa, na kuna kuyumba kwa majibu ya mkono. Mara nyingi hivyo viwili hupishana: kimoja kikipanda, kingine hushuka. Siku ukipanda basi la Morogoro, kaa siti ya mbele umtazame dereva. Mikono yake haitulii kwenye usukani, kidogo kulia, kidogo kushoto, na ndiyo maana basi linanyooka. Mfunge mikono uone.

Haya hayakuanzia kwa wazee. Mwaka 2008 Randy McIntosh na wenzake, wakiwa Toronto, walilinganisha EEG (vipimo vya umeme wa ubongo vinavyochukuliwa kwa elektrodi, yaani vidude vya waya vinavyobandikwa kichwani) za watoto wa miaka 8 hadi 15 na za vijana waliokwisha kukua. Kadiri umri ulivyopanda, ishara ilizidi kubadilikabadilika, huku muda wa kujibu ukitulia na makosa yakipungua. Mwaka 2010 Douglas Garrett, naye akiwa Toronto, akageukia MRI ya utendaji, mashine inayopiga picha za ubongo ukiwa kazini, kwa vijana na wazee. Mkengeuko sanifu wa ishara, yaani kipimo cha jinsi tarakimu zinavyotawanyika mbali na wastani wake, ulieleza umri zaidi ya mara tano kuliko wastani ulivyoueleza, yaani ile “kelele” tuliyokuwa tunaitupa ndiyo iliyobeba habari. Mwaka uliofuata yeye na wenzake walionyesha kwamba vijana, na wale waliojibu haraka bila kupepesuka, ndio wenye ishara iliyoyumba zaidi. Si kila eneo la ubongo lakini. Yapo ambayo uzeeni utofauti wake huongezeka.

Sasa kalamu na karatasi, maana hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza. Chukua ishara mbili:

A: 10, 10, 11, 10, 9, 10
B: 10, 14, 7, 12, 6, 11

Wastani wa zote ni 10. Ukiishia hapo, utaapa kwamba ni pacha. Mkengeuko sanifu wa A ni 0.63, wa B ni 3.03. Vizuri. Sasa ongeza C: 10, 10, 10, 20, 20, 20. Mkengeuko wake ni 5.48, unaizidi B, na hali ndani ya kila nusu hakuna kilichotikisika! Huo ni mruko mmoja tu, pengine elektrodi imelegea au jaribio limeingia awamu nyingine. Kwa hiyo toa kwanza wastani wa kila awamu, ndipo upige mkengeuko. Kisha zipange tarakimu za B kutoka ndogo hadi kubwa: 6, 7, 10, 11, 12, 14. Mkengeuko ni ule ule 3.03, lakini si ishara ile tena, imekuwa ngazi. Mkengeuko hauoni mpangilio. Ndiyo sababu wenye EEG hutumia entropia ya mizani mingi, inayopima jinsi ishara isivyotabirika kwenye vipindi vifupi na virefu. Kwa wazee matokeo huwa na sura mbili: kwenye vipindi vifupi entropia hupanda, kwenye virefu hushuka. Ukiripoti mzani mmoja tu, yaani vipindi vya urefu mmoja, umesimulia nusu ya hadithi, na mtahini mkali atakubana hapo hapo.

Kama utatumia MRI, jihadhari na mishipa. Mashine hiyo haisikii seli za neva zikizungumza. Inafuata oksijeni kwenye damu, na mishipa ya mtu wa miaka 70 haitanuki kama ya kijana wa miaka 20. Kamen Tsvetanov na wenzake wa Cambridge walichunguza watu wazima 335 mwaka 2015, wakakuta kwamba sehemu kubwa ya tofauti za umri katika kuyumba kwa ishara ya mapumziko, mtu akiwa ametulia bila kazi yoyote, ilitokana na mishipa, si neva. Kwa EEG shida ni nyingine, umeme wa misuli unaojichanganya na wa ubongo: kope, taya, paji la uso lililokunjwa. Mzee aliyekaza meno kwa woga wa kofia ya waya atakupa “utofauti” mzuri ajabu.

Ama kuandika kwamba ubongo ni mzima, hapana. Mikono ya dereva mlevi nayo haitulii. Kifafa kinaitikisa ishara kuliko kijana yeyote. Haya ni matokeo ya makundi, na sijaona kiwango cha kumwambia mtu mmoja kwamba yuko salama au hayuko. Kwenye tasnifu yako andika uhusiano ulioukuta: eneo gani, mzani gani, kazi gani, umri gani. Na kabla hujafungua programu ya takwimu, ichore ishara ghafi ya kila mshiriki uitazame kwa macho. Za aina ya C zitajitokeza zenyewe.