Mwimbaji Halisi wa Wimbo wa Kumuaga Aliyeshindwa

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilitaka kujua kiitikio cha "na na na na, hey hey hey, goodbye", ambacho mashabiki humwimbia mpinzani aliyezidiwa, kilitoka wapi, na kama ni kweli kwamba wenye wimbo ni kundi la Bananarama la Uingereza. Sehemu ya pili ina jibu fupi: si kweli. Bananarama waliurudia wimbo huo mwaka 1983, ukiwa tayari na miaka 14 tangu utoke, na mashabiki wa Chicago walikuwa wameshauimba uwanjani kwa miaka 6. Sehemu ya kwanza inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu wengi wanaosahihisha kosa hilo huangukia kosa jingine: hulitaja kundi la Steam, ambalo wimbo huo ulitolewa kwa jina lake mara ya kwanza, kana kwamba lilikuwa kundi la wanamuziki waliokaa pamoja, wakatunga, wakafanya mazoezi na kuingia studio.

Wimbo wenyewe, ambao jina lake kamili ni "Na Na Hey Hey Kiss Him Goodbye", ulianzia Bridgeport, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Watunzi wake ni vijana 3 waliokuwa katika kundi la Chateaus: Paul Leka, Gary DeCarlo na Dale Frashuer. Ulikuwa wimbo mfupi wa mapenzi, wa mtu anayemsihi msichana amuache mpenzi anayemliza, na hicho kiitikio kinachojulikana leo dunia nzima hakikuwamo. Haukufika mbali, ukawekwa kando.

Miaka ya mwisho ya muongo huo Leka alikuwa mtayarishaji wa muziki jijini New York, mwenye jina zuri kwa kushiriki kutunga "Green Tambourine", wimbo wa kundi la Lemon Pipers ulioshika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1968. Akamleta rafiki yake DeCarlo katika kampuni ya Mercury, wakarekodi nyimbo kadhaa ambazo wakubwa wa kampuni walizipenda kiasi cha kutaka kila mmoja utoke kwa santuri yake. Hapo ndipo lilipojitokeza tatizo ambalo wasikilizaji wa leo huenda hawalifahamu. Santuri ndogo ilikuwa na pande mbili, upande wa mbele ukibeba wimbo unaotegemewa na wa nyuma ukibeba wimbo wa kujazia tu, na ilikuwa hasara kuweka wimbo mzuri nyuma, kwa kuwa watangazaji wa redio wangeweza kuigeuza santuri na kuupiga huo badala ya ule uliokusudiwa. Walihitaji, basi, wimbo ambao mtangazaji asingeutamani, wakaukumbuka ule wa Bridgeport.

Namna walivyourekodi inaonyesha jinsi walivyokuwa hawautarajii chochote. Hawakuita bendi. Mapigo ya ngoma yalichukuliwa kutoka katika mojawapo ya nyimbo nyingine za DeCarlo, fundi wa studio akaikata na kuiunga kanda ili yajirudie. Leka akapiga kinanda mwenyewe, na DeCarlo akaimba sauti ya mbele. Kisha, ili wimbo urefuke kupita kiasi ambacho redio zilipenda, waliamua kuuongezea kiitikio. Leka aliketi kwenye piano akiimba "na na na na" kama wafanyavyo watunzi wanapokuwa na sauti lakini maneno hayajaja, DeCarlo akaongeza "hey hey", na hakuna aliyerudi baadaye kutafuta maneno ya kujaza nafasi hiyo. Wimbo ukapita dakika 4.

Kampuni iliposikiliza iliona kuwa huo ndio unaofaa kuuzwa, ikautoa mwaka 1969 kupitia lebo yake ya Fontana, si kwa jina la DeCarlo bali kwa jina la Steam. Mwezi Desemba mwaka huo ulikaa wiki 2 katika nafasi ya kwanza ya chati ya Billboard. Ilipotakiwa bendi ya kuzunguka majukwaani, walikusanywa vijana wengine ambao hawakuwamo katika rekodi ile, huku nyimbo alizozitegemea DeCarlo mwenyewe, akitumia jina la Garrett Scott, zikikosa mafanikio hayo. Jambo hilo linanisikitisha kila niusikiapo wimbo huu: sauti iliyoshika nafasi ya kwanza ilikuwa yake, na makofi yalikwenda kwa watu wengine.

Uwanjani uliingia mwaka 1977, na aliyeuingiza anajulikana. Ni Nancy Faust, mpiga kinanda wa timu ya besiboli ya Chicago White Sox katika uwanja wa Comiskey Park. Katika besiboli, mrushaji wa mpira anapozidiwa, kocha hutembea hadi katikati ya uwanja, humnyang'anya mpira, na mchezaji yule hulazimika kurudi benchi kwa miguu mbele ya maelfu ya watu huku mchezo umesimama. Faust aliujaza muda huo kwa sauti ya kiitikio kile kila mrushaji wa timu ya wageni alipoondolewa. Kinanda hakitamki maneno. Umati ndio uliotamka, na uliweza kwa sababu hapakuwa na ubeti wa kukariri wala sauti ya juu ya kumshinda asiyejua kuimba. Mimi naamini kilichoufanya wimbo huu udumu ni kile kile kilichoongezwa ili usipigwe redioni.

Bananarama hawakuwa wanyang'anyi. Sara Dallin, Siobhan Fahey na Keren Woodward walikuwa na mtindo wao wa kuimba wote 3 sauti moja, bila kugawana juu na chini, na mtindo huo uliufaa wimbo huu kuliko nyimbo zao nyingi, kwani unasikika kama kundi la marafiki wanaoimba pamoja. Toleo lao lilifika nafasi ya 5 Uingereza, ndiyo maana wasikilizaji wengi waliujua wimbo huu kwao kwanza. Mwaka 1987 kundi la Nylons la Kanada nalo liliurudia, bila ala kutawala, likafika nafasi ya 12 Marekani.

Mwezi Mei 2017 wabunge wa chama cha Democratic waliuimba ndani ya Baraza la Wawakilishi la Marekani, wakiwaaga wenzao wa Republican waliokuwa wamepitisha muswada wa afya kwa kura 217 dhidi ya 213. Mwezi uliofuata Gary DeCarlo alifariki dunia. Leka alikuwa ametangulia mwaka 2011. Mtakapochapisha jibu la swali hili, naomba mbele ya jina la Steam liandikwe jina la DeCarlo, na kwa upande wa uwanjani liandikwe la Nancy Faust.