Kabla Hujapanda Ndege Kwenda Kusoma Gemara Yerusalemu

Mwaka huu wazazi wawili wa jumuiya yetu ndogo ya Wayahudi hapa Nairobi wameniuliza swali lilelile: je, ni busara mtoto aliyemaliza kidato cha nne kuahirisha nafasi yake ya chuo kikuu ili akakae Yerusalemu miezi kumi akisoma Gemara, yaani mijadala ya marabi wa kale iliyomo katika Talmudi? Mimi nilikwenda 2018, nikiwa na miaka kumi na tisa, na jibu langu ni ndiyo, ila kwa sharti moja: asiende kwa nia ya kumaliza vitabu. Talmudi ya Babeli ina karatasi 2,711, kila moja na pande zake mbili, na hata wanaosoma karatasi moja kila siku bila kukosa, kwa utaratibu ulioanzishwa 1923, huchukua kama miaka saba na nusu. Miezi kumi inatosha kujifunza namna ya kusoma, na kujifunza huko kunamtegemea sana mtu utakayeketi naye.

Mtu huyo huitwa havruta. Ukumbi wa masomo, yaani beit midrash, haufanani hata kidogo na maktaba, kwa sababu watu huketi wawili wawili, kitabu kikiwa kati yao, wakisoma kwa sauti na kubishana, hata mgeni anayeingia mara ya kwanza hudhani amekuta ugomvi. Mwalimu hufundisha saa moja au mbili, na saa nyingine zote za siku ni zenu wawili. Hapo ndipo nilipokosea. Nilimchagua msichana aliyesomeshwa katika shule za Kiyahudi tangu utotoni, ambaye Kiebrania kilimtoka kama maji, nikitumaini kwamba mwenye kukaa karibu na uaridi naye hunukia. Yeye alisoma, akatafsiri, akaeleza, nami nikaitikia kwa kichwa muda wa wiki tano nzima, tangu mwanzo wa mwezi wa Elul wa kalenda ya Kiyahudi mpaka kukaribia Yom Kippur, Siku ya Upatanisho. Siku mwalimu aliponiomba nisome mstari mmoja mbele ya wenzangu, sikuweza hata kutambua sentensi inaanzia wapi, maana ukurasa wa Gemara uliochapwa kwa mtindo wa kawaida hauna irabu, na alama za kutenganisha sentensi ni haba mno.

Baada ya sikukuu niliomba kubadilishiwa, nikapewa binti wa Buenos Aires ambaye ujinga wake ulilingana na wangu. Tulianza sura ya pili ya Bava Metzia, kimojawapo cha vitabu vya Talmudi, ambayo wanafunzi wengi huanzia, inayohusu vitu vilivyookotwa. Mishna, yaani matini fupi ya sheria ambayo Gemara huifafanua, inataja vile ambavyo aliyeviokota anaruhusiwa kuvichukua: matunda yaliyotawanyika, sarafu zilizotawanyika, mitungo ya samaki na vinginevyo visivyo na alama ya kumtambulisha mwenyewe, kwa kuwa mwenye mali ameshakata tamaa. Ndipo marabi wawili, Abaye na Rava, wanapoulizana: je, ikiwa mwenye mali hajajua bado kwamba amepoteza? Rava anasema huhesabiwa kuwa amekata tamaa, kwa sababu angejua angekata. Abaye anasema hapana, huwezi kumkatia mtu tamaa ambayo hajaikata mwenyewe. Tulikaa karibu wiki tatu kwenye karatasi moja na nusu, tukipekua kamusi ya Jastrow ya 1903 neno kwa neno, na tulipofika mahali ambapo Gemara inasema kwamba mtu ana desturi ya kupapasa mfuko wake wa fedha kila mara, kwa hiyo aliyeangusha pesa huwa ameshajua, nilicheka kwa sauti. Nilimkumbuka kila abiria wa matatu niliyewahi kumwona akijipapasa mfukoni kabla ya kushuka. Mwishowe hukumu ilimfuata Abaye, na kwa desturi mahali anapomshinda Rava ni sita tu katika Talmudi nzima.

Katika kitabu hichohicho, karatasi ya 84, kuna kisa ambacho ningependa kila anayekwenda akisome kabla ya kuchagua mwenzake. Resh Lakish alipofariki, Rabi Yohanan, aliyekuwa mwenzake wa kusoma, aliletewa mwanachuoni mwingine wa kumliwaza, Rabi Elazar ben Pedat, ambaye kwa kila neno alilolisema Rabi Yohanan alimtafutia ushahidi wa kuliunga mkono. Rabi Yohanan akamlalamikia: Resh Lakish alikuwa akinipinga kwa hoja ishirini na nne, nami nikimjibu kwa majibu ishirini na manne, na hivyo elimu ikapanuka, wewe unaniambia tu kwamba nimesema kweli, kwani mimi sijui kuwa nimesema kweli? Yule msichana wangu wa kwanza hakuwa na kosa lolote. Aliletewa mtu wa kuitikia.

Ushauri wangu wa pili unawahusu waliokulia katika Kiswahili, nao ni kwamba msijidharau. Kupitia Kiarabu, ambacho ni ndugu wa Kiebrania na Kiaramu, lugha yetu imehifadhi maneno mengi ambayo mwenzangu wa Buenos Aires alilazimika kuyakariri: nafsi ni nefesh, damu ni dam, nabii ni navi, karibu ni karov, na sita katika Kiaramu cha Gemara ni shita. Hata darasa na midrash ni jamaa. Jihadhari tu na undugu unaodanganya, kwa mfano din, ambayo kwa Kiebrania ni hukumu, si dini. Kabla ya kuondoka jifunze mwandiko wa Rashi, yaani herufi za Kiebrania za mtindo wa pekee zinazotumika kuchapa maelezo pembeni mwa Gemara, kazi ambayo haitazidi wiki mbili, na usome Mishna yenye irabu. Tafsiri ya Talmudi nzima inapatikana bure katika tovuti ya Sefaria, lakini ukiifungua kabla ya kuhangaika na maandishi yenyewe, umerudi kwa havruta wangu wa kwanza.

Viza ianze kushughulikiwa mapema sana, na barua ya shule pamoja na ya rabi wako zikae katika mkoba wa mkononi, kwa kuwa wapo watu wa Afrika Mashariki waliorudishwa kutoka uwanja wa ndege wa Ben Gurion ilhali viza walikuwa nayo. Uliza kama ada inajumuisha bima ya afya na milo ya Sabato, maana baadhi ya shule hufunga jiko siku hiyo, na mabasi ya mji hayatembei. Tangu vita vya Oktoba 2023 uliza pia ni kiasi gani cha ada kitarudishwa masomo yakikatizwa. Binti aulize waziwazi kama wasichana hufundishwa Gemara yenyewe, kwani ziko shule zinazowafundisha Biblia na sheria tu. Na chukua sweta nzito: sisi wa Nairobi tunajiona tunaijua baridi, mpaka tulale katika nyumba ya mawe mwezi wa Januari. Mwaka wangu, 5779 wa kalenda ya Kiyahudi, ulikuwa na miezi miwili ya Adar badala ya mmoja, hivyo muhula wa baridi ulikaribia miezi sita.

Anayerudi apange mapema atasoma na nani, kwa sababu chuo kikuu hakina huruma na ratiba ya mtu. Mimi na binti wa Buenos Aires tunapigiana simu kila Jumatano, saa tatu usiku kwangu, saa tisa alasiri kwake. Tumefika karatasi ya 28 ya kitabu, katika sura ileile, na wiki iliyopita alinikatalia tafsiri yangu ya mstari mmoja hadi muda ukatuishia.