Karakana ya besimenti: msumeno usubiri kwanza

SWALI: Shikamoo fundi. Nyumba yetu ina besimenti haijamaliziwa, sakafu zege tupu, kuta hazina plasta. Nataka iwe karakana yangu ya useremala na hela ya msumeno wa meza nishapata. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Huo msumeno usiununue kwanza, nakuomba. Tatizo kubwa huko chini ni unyevu, na zege unaweza kuliona kavu kabisa kumbe linapitisha maji toka ardhini. Pima hivi: chukua nailoni kama sentimita 45 kwa 45, ibandike sakafuni na selotepu pana pande zote pasibaki upenyo, iache siku nzima au mbili, afu bandua. Ukikuta majimaji kwa chini yake basi maji yanapanda toka ardhini, hapo kaanzie nje, angalia maji ya paa yanamwagikia wapi na udongo umeinamia upande gani, maana kupaka rangi ya kuzuia maji kwa ndani wakati mvua inatuama pale ukutani ni kupoteza hela. Ikilowa kwa juu, hiyo ni hewa yenye unyevu imekutana na zege la baridi, mashine ya kukausha hewa itakusaidia sana. Ukipuuza hili randa na patasi zote zitashika kutu na mbao zako zitapinda, inauma sana.

Umeme sasa. Msumeno wa wati 1500 kwenye volti 230 unavuta kama ampia 6.5, ukiwasha na mashine ya kunyonya vumbi kwenye laini hiyohiyo unaweza kuielemea. Mwite fundi umeme akuvutie laini ya mashine peke yake, na taa nazo ziwe na yake, kwasababu breka ikijikata katikati ya kazi utabaki gizani na msumeno bado unazunguka. Hapo usibane matumizi kabisa.

Vumbi la mbao usilizoee, linasababisha saratani ya pua, kwahiyo linyonye palepale linapotokea na barakoa uvae. Na kama humo ndani kuna hita ya gesi basi vanishi na tina peleka nje, mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni mpaka unaufikia moto.

Halafu pima kona ya ngazi, plaiwudi nzima ni sentimita 122 kwa 244, isipopita itabidi uipasue hukohuko juu kabla ya kuishusha.